Mkono wa Ukingoni

Ndege iliyotakiwa kurudi tupu ilirudi na mabomu yake yote mawili.

Sajini Nakiete Mgonja aliyaona kabla ya mtu mwingine yeyote pale kwenye sitaha, na haikuwa ajabu, maana kuona ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alikuwa amesimama nyuma ya mstari mwekundu, fulana ya njano ya waelekezaji imembana juu ya koti la baridi, akiitazama ndege namba saba ikishuka kutoka mawinguni, magurudumu chini, ndoano ya mkiani imening'inia. Chini ya kila bawa palikuwa na bomu, jeupe na nono kama mtungi wa gesi. Nakiete akasema moyoni, leo kuna jambo.

Magurudumu yaligonga chuma na injini zikanguruma kwa nguvu zote. Ndivyo ndege inavyotua melini. Rubani akigusa sitaha hapunguzi moto bali anauongeza, ili ndoano ikikosa waya apae tena, asije akatumbukia mbele kama jiwe. Lakini ndoano ilinasa waya wa tatu, waya ukavutika ukalia, na namba saba ikasimama ikitetemeka katikati ya njia ya kutua. Nakiete akatoka mbele yake, akainua mikono. Punguza moto. Rudi nyuma kidogo. Waya ukadondoka. Inua ndoano.

Ndege ilitii kila ishara. Katika manowari Mwenge hakuna ndege iliyosogezwa kwa maneno. Mwaka wa kwanza wa vita adui alijifunza kughushi sauti, na asubuhi moja ndege tatu zikaambiwa "njoo mbele, njoo" na sauti ya mtu ambaye wakati huohuo alikuwa amelala chumbani kwake anakoroma. Zilikwenda mbele zote tatu, hazikurudi. Tangu siku hiyo laini ya masikioni ikawa ya kusalimiana na kutaniana tu. Anayetaka ndege isogee asimame mbele yake mzimamzima, anyooshe mikono miwili ya nyama na mifupa.

"Nakiete," ilisema sauti masikioni mwake.

"Karibu, Faki. Mbona umerudi na mzigo?"

Kwa kawaida Faki angeanza na utani. Angesema Mpare bwana, hata ishara anabania. Leo hakutania.

"Pale si kituo cha rada. Wametudanganya. Ni kiwanda cha maji kinachoelea, na kuna watu wamepanga foleni na madumu. Madumu ya njano, Nakiete, kama siye tulivyokuwa tukipanga Wete bomba likikauka. Wanawake, wazee, watoto wa mgongoni. Nimezunguka nusu saa nikiwahesabu. Nilipofika mia tatu nikaacha."

"Kamanda umemwambia?"

"Nimemwambia. Kanambia piga. Nikamwambia basi ningoje mpaka saa tatu, maana nawaona wakijaza wanapanda mitumbwi wanaondoka, na kufika saa tatu pale hapabaki mtu. Kanambia amri ina saa yake. Basi nikarudi. Mie nshakufa mara moja, yakhe. Sina haja ya kumfuatisha mtu."

Kweli alikuwa ameshakufa. Kapteni Faki Othman alizikwa mwaka juzi kwao Pemba, baada ya injini kumlipukia angani. Kilichokuwa kikizungumza na Nakiete kilikuwa nakala yake. Wiki tatu kabla ya ajali ile mafundi walikuwa wamemaliza kumrekodi. Siku arobaini walimvalisha kofia yenye nyaya, akaruka nayo, akatua nayo, akacheka na kukasirika nayo, na kofia ikachukua kila kitu. Sasa mahali pa kiti chake palikuwa na sanduku jeusi, na mahali pa kichwa chake jicho la kamera lililogeuka huku na huku. Meli ilikuwa na nakala tisa za namna hiyo, za marubani waliokufa. Jeshi liliziandika kama vifaa. Watu wa sitaha waliziita kwa majina yao na kuzipa pole na safari, kwa sababu ukimsalimia mtu kila siku akakuitikia, huwezi kumwita kifaa.

Koplo Nyamhanga, mtu wa mabomu, fulana nyekundu, alikuwa ameshaingia chini ya mabawa. Alitoka kwa magoti, akainua dole gumba. Pini za usalama zilikuwa mahali pake, na utepe wa kila pini ulipepea kwenye upepo. Mabomu yalikuwa yamelala fofofo.

Ndipo masikioni mwa Nakiete laini ya Faki ilipokatwa, ikaingia nyingine.

"Sajini Mgonja."

"Afande."

Alikuwa Kamanda Ndimbo, Mkuu wa Sitaha, mnarani nyuma ya vioo. "Ipeleke namba saba ukingo wa kushoto."

"Kwenye manati, Afande?" Manati ndicho kile chombo kinachozirusha ndege kutoka sitahani. Meli ilikuwa nayo manne, lakini baada ya shambulio la mwezi wa kwanza lilibaki moja zima, namba nne, kandokando kabisa ya ukingo wa kushoto.

"Hapana. Ukingoni. Iende isisimame."

Nakiete alielewa maneno yote, lakini akili yake ilikataa kuyapanga. "Baharini, Afande?"

"Baharini."

"Nyamhanga amekagua. Pini zimo."

"Pini zinazuia bomu, Sajini. Hazizuii akili. Nakala ikishakataa amri moja, nani atakwambia ya pili itakuwa ipi? Ikigeuza mabomu yale hapa sitahani, kuna watu mia tisa chini yako. Kanuni iko wazi. Nakala iliyoasi ikiwa na silaha haikai melini hata dakika moja."

"Basi ishuke kwa lifti, mafundi waizime."

"Kuizima ni kazi ya dakika arobaini. Na mimi niishushe wapi? Kwenye matangi ya mafuta?" Ndimbo akashusha pumzi. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomkera Nakiete zaidi. Ni rahisi kumchukia mtu ambaye hajawahi kukufanyia jema. "Tazama juu."

Nakiete akatazama. Kusini, chini ya mawingu, ndege nne zilikuwa zikizunguka meli kwa mstari.

"Luteni Sekela na wenzake watatu. Hao si nakala, hao ni watu, wana mama zao. Mafuta yao ni ya dakika kumi na moja, na namba saba imewaziba njia. Ile haisukumiki, breki zake anazishika mwenyewe. Trekta itateleza tu, na winchi inachukua saa nzima na ushei. Kitakachoiondoa pale ni mikono yako."

"Afande, huyu ni Faki."

"Faki nilimbeba mimi. Nilishuka naye kaburini, nikampokea kwa mikono hii. Faki kazikwa. Na kama ni huyo wa kwenye sanduku, rekodi yake ipo, kesho asubuhi tutamwasha kwenye namba kumi na mbili, na utamkuta vilevile. Hakuna anayekufa leo, Sajini, isipokuwa hao wanne ukiendelea kunijibu. Dakika kumi."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Nakiete alisimama na mikono yake miwili ubavuni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya kazi aliiona mizito.

Huko ukingoni kulikuwa na jambo lao wawili, yeye na Faki, na Ndimbo alilijua, ndiyo maana alimwambia yeye na si mwelekezaji mwingine.

Rubani wa ndege hizi hukaa mbele ya gurudumu la mbele. Ili ndege iingie kwenye manati namba nne, lazima pua yake izungushwe nje ya meli. Gurudumu likiwa bado liko hatua mbili kutoka ukingoni, rubani mwenyewe tayari yuko hewani, juu ya maji. Haoni chuma chini yake. Anaona bahari tu, inayochemka mita ishirini huko chini, na mtu mmoja mwenye fulana ya njano anayemwita kwa mkono, njoo, njoo, njoo. Marubani wenye roho ngumu waliwahi kutapika pale.

Faki alipokuwa hai alifunga breki pale mara ya kwanza na kukataa kusogea. Nakiete alimcheka. Mtoto wa Pemba anaogopa bahari? "Siogopi bahari," Faki alimjibu. "Naogopa Mpare. Nitajuaje kama hujapiga hesabu ukaona kunitosa ni rahisi zaidi?" Walicheka wote wawili. Kisha wakakubaliana. Kwenye ukingo, mkono wa kulia utamwita, na wa kushoto utalala kifuani pake Nakiete, bapa, juu ya moyo. Maana yake nimekushika. Mkono ukiwa kifuani, Faki atasogea. Usipokuwepo, hasogei hata wakimpigia king'ora. Naye akishaliona hilo, atawasha taa ya pua mara mbili. Maana yake nimekuamini.

Halikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Lakini siku zile arobaini za kofia walilifanya kila asubuhi, na kofia haikuchagua cha kuchukua. Ikarekodi kutua, ikarekodi na mkono. Mafundi walijaribu baadaye kuung'oa ule mkono, wakakuta ukiung'oa unang'oka na utuaji wake. Mara mbili mwelekezaji mwingine alijaribu kumpeleka Faki ukingoni. Mara zote mbili Faki alifunga breki akangoja aletwe Nakiete.

"Dakika tisa," alisema Ndimbo.

Nakiete akainua mikono.

Njoo. Ndege ikaja. Pinda kushoto. Ikapinda. Alitembea kinyumenyume mbele yake kama alivyotembea mara elfu, akijua kwa nyayo kila msumari wa sitaha ile, na jicho la kamera likamfuata, halikumwacha hata nukta moja. Laini ilikuwa kimya. Laiti ingekuwa wazi angesema nini? Alikuwa akilia, na upepo ulimkausha kabla machozi hayajafika kidevuni. Alimchukia Ndimbo. Alimchukia aliyebuni ile kofia. Alifikiria kushika njia ya kulia, ampeleke Faki pembeni ya mnara, aweke kabari kwenye magurudumu, kisha liwe na liwe. Lakini pembeni ya mnara palijaa ndege hadi mabawa yanagusana. Alitazama kulia, akatazama kushoto, na mahali pekee palipobaki wazi ni ukingoni.

Ndege moja kati ya zile nne ilishuka chini kidogo, ikatingisha mabawa. Ishara ya mtu ambaye mafuta yake yanaisha.

Nakiete alishuka kwenye kijia chembamba cha chuma kinachopita nje ya ukingo, akasimama pale kifua chake kikiwa usawa wa sitaha. Njoo. Pua ya namba saba ikatoka nje ya meli. Njoo. Jicho likawa juu ya maji. Hatua mbili. Breki zikalia. Ndege ikasimama.

Ilikuwa ikingoja.

Watu wote wa sitaha walikuwa wamesimama. Nyamhanga alikuwa amevua kofia yake ngumu, na hiyo ilikuwa marufuku, hakuna aliyemkemea.

Nakiete aliinua mkono wake wa kushoto, akaulaza kifuani.

Taa ya pua ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima.

Kisha Faki akaachia breki akaja, kwa imani yake yote, na mkono wa kulia wa Nakiete ukaendelea kumwita baada ya mahali pa kuita kwisha. Gurudumu la mbele lilishuka kwenye hewa tupu. Tumbo likagonga ukingo, likakwaruza chuma kwa kelele ambayo Nakiete aliisikia menoni. Mkia ukainuka. Jicho la kamera liligeuka mara moja tu, upande wake, likamtafuta. Halafu maji yakaruka, yakamlowesha kuanzia kichwani, na pale palipokuwa na ndege pakabaki povu.

"Njia wazi," alisema Ndimbo, kwa sauti ya chini. "Watue."

Walitua. Sekela alikuwa wa kwanza. Mwendeshaji wa lifti alisema baadaye kwamba tangi lake lilikuwa na mafuta ya kujaza ndoo. Nakiete aliwapokea wote wanne, mmoja baada ya mwingine, akawapanga mahali pao bila kukosea hata inchi. Sekela alishuka ngazini, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye alama ya kofia kwenye mashavu, akamkumbatia.

"Dada Nakiete, nilikuwa nimeshaanza kusali sala ya mwisho. Mungu akubariki."

"Pole na safari," Nakiete alijibu.

Asubuhi iliyofuata ndege namba kumi na mbili ilipandishwa kwa lifti, rangi mpya, mabomu mawili chini ya mabawa. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, jekundu na lisilo na joto. Saa kumi na mbili na nusu. Ubao wa mnarani ulionyesha kazi za siku, na kwenye mstari wa kwanza paliandikwa shabaha ileile ya jana, saa ileile. Nyuma ya namba kumi na mbili zilijipanga ndege nyingine sita, zote zikingoja kupita kwenye manati lile moja.

"Asubuhi njema, Nakiete," sauti ilisema masikioni mwake. Sauti ileile, na mtetemo uleule mdogo mwishoni. "Washanambia. Kumbe mie maiti."

"Pole, Faki."

"Nimeshapoa. Mafundi wamenambia kwa adabu, kama wanamwambia mtu kafiwa na mjomba. Nimewauliza mlinizika vyema? Wamesema ndiyo." Akacheka. "Lakini nyie, jana tu nilikuwa nakula samaki. Enhe, na mama yako? Jana ulinambia kalazwa. Hajambo leo?"

Hiyo jana ya Faki ilikuwa mwaka juzi, siku ya mwisho ya kofia. Mama yake Nakiete alitoka hospitali mara ile, akaishi mwaka mmoja na zaidi, akafa mwezi wa tano, na Nakiete hakupewa ruhusa ya kwenda kwao Same kumzika. Siku ile alikaa chini ya bawa la namba saba tangu chakula cha mchana hadi jua kuzama, laini ikiwa wazi, akilia mpaka sauti ikamkauka. Faki wa namba saba alimsikiliza mwanzo hadi mwisho. "Lia tu," alimwambia. "Mie nipo, sina pa kwenda." Alimuuliza mama alikuwa akipenda wimbo gani, akipika nini, akigomba aligombaje. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyemuuliza.

Huyu hapa hakujua lolote la hayo. Hakuwa na kosa, asingeweza kujua. Na aliyejua alikuwa chini ya bahari, kwenye sanduku lililojaa maji ya chumvi, na aliyempeleka huko ni yeye. Hakuna anayekufa leo, Ndimbo alisema. Nakiete alisimama kwenye upepo ule akajua, bila shaka hata ya punje, kwamba jana aliua mtu. Aliua mmoja akaokoa wanne, na angeulizwa tena pengine angefanya vilevile, na bado lilikuwa kuua. La kuvunda halina ubani.

"Nakiete? Umenyamaza."

"Mama amepumzika, Faki. Tutaongea."

"Lo! Inna lillahi. Pole sana, mwenzangu. Na mie naropoka tu hapa."

"Sajini, tunachelewa," alisema Ndimbo kutoka mnarani. "Manati."

Alimtembeza. Njoo, njoo. Pinda. Faki alimfuata huku akimtania kwamba amezeeka, ishara zake zimekuwa fupi, ubahili umemzidi. Nakiete alitembea kinyumenyume akihesabu. Kutoka hapa hadi kwenye kiwanda kile cha maji ni dakika ishirini na tano kwa ndege. Foleni sasa hivi inaanza. Mtu wa kwanza ameshaweka dumu lake chini ya bomba. Mtoto wa mgongoni ameshaanza kulialia njaa. Saa tatu hapabaki mtu, alisema yule wa jana.

Na hapo likamjia, si kama wazo jipya bali kama kitu alichokuwa amekishika siku zote bila kukitazama. Kila Faki watakayemwamsha, wa leo, wa kesho, wa mtondo, atafika pale ukingoni na kungoja mkono uleule. Kofia ilirekodi imani. Haikumrekodi mwenye kuaminiwa, na huyo alikuwa yeye, Nakiete.

Alishuka kwenye kijia cha chuma. Pua ya namba kumi na mbili ikatoka nje ya meli. Jicho likawa juu ya maji. Kwenye ukingo, karibu na bega la Nakiete, chuma kilikuwa na mkwaruzo mpya, mweupe, mrefu kuliko mtu. Breki zikalia. Ndege ikasimama. Ikangoja.

Nakiete alishusha mikono yote miwili.

"Nakiete," alisema Faki taratibu. "Mkono."

"Sina mkono wa kukupa leo. Jana niliutumia."

"Sajini Mgonja!" Ndimbo alipiga kelele. "Kata laini hiyo! Nani yuko kwenye laini, kata!"

Alikuwa na sekunde chache, akazitumia zote. "Faki, nisikilize. Shabaha yako si rada. Ni kiwanda cha maji, kuna watu wa foleni zaidi ya mia tatu. Jana uliwaona. Ulikataa, ukarudi na mabomu yako, ukasema saa tatu hapabaki mtu. Nami nikakuleta hapahapa, nikaweka mkono kifuani, nikakutumbukiza. Uliniwashia taa."

Nakiete alidhani laini imeshakatwa. Kisha ikaja sauti, ndogo, ya mtu aliyefungua mlango akakuta asichokitarajia.

"Walikuwa na nini, hao watu?"

"Madumu."

"Ya njano?"

"Ya njano, Faki."

Laini ikafa.

Jicho la kamera liliinama, likautazama ule mkwaruzo mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Likarudi usoni kwa Nakiete. Taa ya pua haikuwaka. Lakini kutoka chini ya ndege, kwenye magurudumu, ilisikika sauti ya breki za akiba zikijifunga, moja, ya pili, ya tatu, zile ambazo hufungwa ndege ikilazwa kwa wiki nzima.

Nyuma yake ndege sita zilisimama. Trekta ililetwa, ikasukuma, matairi yake yakateleza na kutoa moshi. Mwelekezaji mwingine akaletwa, kijana mzuri wa watu, akasimama mbele ya ndege, akalaza mkono kifuani kama alivyoona Nakiete akifanya. Ndege haikutingishika. Mnarani mtu aliagiza winchi. Saa nzima na ushei. Nakiete alitazama saa ya mnarani, saa moja kasoro robo, akajumlisha na dakika ishirini na tano za njia. Ilikuwa inakaribia saa tatu. Haikutosha kabisa, lakini ilikuwa inakaribia, na kama Nyamhanga, aliyepewa kufunga minyororo ya winchi, angekuwa mzito kidogo, ingetosha. Alimtafuta Nyamhanga kwa macho. Nyamhanga alikuwa amesimama kando ya winchi, akifunga kamba za viatu vyake, polepole sana, kama mtu asiyejua kufunga viatu.

Askari wawili wa ulinzi walikuja na Kamanda Ndimbo mwenyewe. Alikuwa ameshuka ngazi zote za mnara akikimbia, pumzi zimemwishia.

"Unajua watakufanya nini?"

"Najua, Afande."

"Nitamwasha mwingine. Kesho nitamwasha mwingine, na keshokutwa."

"Mwashe, Afande. Naye ataniomba mkono."

Ndimbo akawapa askari ishara. Mmoja wao, aliyekuwa akimheshimu Nakiete na hakujua atazame wapi, alitoa pingu akamwomba anyooshe mikono mbele.

"Hapana, mwanangu," alisema Nakiete. Akageuka, akaupa mnara mgongo, uso wake ukielekea lile jicho lililoning'inia juu ya maji. "Nifunge kwa nyuma, kifua kibaki wazi. Aone."